Bitana Ndiyo Iliyonunuliwa

Mfarishi wa viraka wa Kimarekani ukitundikwa ukutani, watu huuona uso wake tu: nyota, pembetatu, maua yaliyokatwa na kushonewa juu ya kitambaa cheupe. Uso huo ndio unaopigwa picha, ndio unaoandikiwa vitabu, na ndio unaompa mshonaji sifa. Lakini mfarishi una matabaka matatu. Chini ya uso kuna pamba ya kujazia, na chini ya pamba kuna bitana, kitambaa kipana kinachoyashika yale mawili na kumgusa mwilini anayelala. Ninachodai ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, na hadi katikati ya karne ya 20, bitana hiyo ndiyo iliyoigharimu nyumba fedha, na kwa hiyo ndiyo inayotueleza vizuri zaidi jinsi watu wa kipato kidogo walivyochagua kitambaa. Uso uliweza kuungwaungwa kwa mabaki ya magauni na mashati. Bitana haikukubali hivyo kirahisi: ilitaka yadi nyingi za kitambaa kimoja, zipatikane kwa mara moja, kwa fedha mkononi au kwa deni la dukani. Nadai pia kwamba mnunuzi wa kitambaa hicho cha bei nafuu, ambaye mara nyingi husimuliwa kama mtu aliyechukua tu alichokipata, alikuwa mjuzi asiyedanganyika kwa urahisi. Na ushahidi mmoja mkubwa wa ujuzi huo hauko Marekani. Uko Unguja.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hoja hii itabaki inaelea. Chukua mfarishi wa kitanda cha watu wawili, wenye inchi 80 kwa 90. Bitana yake lazima iuzidi uso kwa inchi mbili tatu kila upande, kwa kuwa matabaka yakishatandazwa kwenye fremu na sindano ikaanza kupita, kitambaa hujivuta kuelekea ndani. Kitambaa cha viwanda vya mwanzo vya Massachusetts kilikuwa na upana wa inchi 37, kwa hiyo panahitajika vipande vitatu vilivyounganishwa kwa mishono miwili mirefu, jumla yadi 7 au 8. Nathan Appleton, mmoja wa wafanyabiashara walioanzisha kiwanda cha Waltham, aliacha kumbukumbu ya bei za kitambaa hicho: mwaka 1816 yadi moja iliuzwa senti 30, mwaka 1826 senti 13, mwaka 1829 senti 8 na nusu, na mwaka 1843 senti 6 na nusu. Bitana ya yadi 8 iliyokuwa ya dola 2 na senti 40 ikawa ya senti 52, yote katika miaka 27. Msichana aliyemwona mama yake akikihesabia kitambaa kama mali ya kurithisha aliweza, akiwa mtu mzima, kukata yadi 8 kwa ajili ya upande ambao mgeni hatauona.

Hesabu hiyo inaiangusha hadithi moja inayopendwa sana, kwamba mfarishi wa viraka ulizaliwa na uhaba: eti wanawake wa makoloni ya Waingereza walikosa nguo, wakaokota vipande, wakaunga. Wanahistoria wa vitambaa wameichunguza hadithi hiyo na kuiona haina miguu. Mifarishi iliyobaki kutoka karne ya 18 ni michache, na mingi yake ilikuwa ya wenye uwezo, iliyoshonwa kwa sufu ya kung'aa, kwa hariri au kwa chiti za India. Kitambaa cha nyumbani kilikuwa ghali kwa sababu ya kazi iliyomo ndani yake. Kitani kilipandwa, kikang'olewa, kikaozeshwa majini, kikapondwa, kikachanwa, kikasokotwa, ndipo kikafumwa. Mtu mwenye kitambaa cha jasho kama hilo alikivaa mpaka kikaisha, na usiku alijifunika blanketi la sufu. Viraka vilienea pale kitambaa kilipokuwa rahisi, yaani baada ya Samuel Slater kuanza kusokota pamba kwa nguvu za maji huko Pawtucket mwaka 1790, baada ya Eli Whitney kupata hataza ya kinu cha kuchambulia pamba mwaka 1794, na hasa baada ya kampuni ya Francis Cabot Lowell kuanza kusokota na kufuma chini ya paa moja huko Waltham mwaka 1814. Kwa sababu hiyohiyo ni kosa kuuelekeza mfarishi kwenye dirisha, kuona vipande vya mbegu ndani ya pamba, na kuhukumu kwamba umeshonwa kabla ya kinu cha Whitney. Pamba ya kujazia ya daraja la chini iliendelea kuuzwa na uchafu wake kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na haikuonekana. Wanaoupa mfarishi miaka ya ziada wanaisoma bei kana kwamba ni umri.

Hata hivyo nisiipe mashine sifa yote. Mwaka 1816 Bunge la Marekani lilipitisha ushuru ambao Lowell mwenyewe aliupigania. Kila yadi ya mraba ya kitambaa cha pamba kilichoingizwa nchini ilihesabiwa kama iligharimu senti 25, hata kama thamani yake halisi ilikuwa ndogo zaidi, kisha ikatozwa ushuru kwa kiwango hicho. Kitambaa kizito cha India, ambacho ndicho kilichokuwa kikivaliwa na kulaliwa na watu wengi, kikafungiwa mlango. Kwa hiyo mtu anaweza kunipinga hapa mapema kabisa: mnunuzi wa Ohio au Vermont alichagua nini, ikiwa sheria ilikuwa imemchagulia? Pingamizi hilo lina nguvu, na nitalijibu nikifika pwani ya Afrika Mashariki, mahali ambapo sheria ile haikufika.

Kwanza tukiangalie kitambaa chenyewe kwa karibu. Appleton alieleza kwamba kitambaa cha mwanzo cha Waltham kilikuwa kizito, cha uzi namba 14, chenye nyuzi 44 za mshindio katika kila inchi, na kwamba ratili moja ilitoa pungufu kidogo ya yadi tatu. Yadi moja, basi, ilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya gramu 150. Hakikung'arishwa kwa dawa. Kilitoka kiwandani na rangi yake ya maziwa yaliyoganda, kikiwa na vidoa vya makapi ya mbegu, na kilizidi kuwa cheupe kadiri kilivyofuliwa na kuanikwa. Ukisoma maelezo hayo ukiwa mfanyabiashara utaona kitambaa cha daraja la chini. Ukiyasoma kama mshonaji wa mifarishi utaona kitu kingine. Nyuzi 44 kwa inchi ni nafasi tosha kwa sindano kuteleza katika matabaka matatu bila kuumiza kidole, na fundi mzuri wa mkono hupiga mishono 8 hadi 12 katika kila inchi, maelfu kwa maelfu katika mfarishi mmoja. Shuka za leo zenye nyuzi nyingi zilizobanana huikataa sindano hiyo, na ndiyo maana washonaji wa mkono wengi hawazitaki kwa bitana hata zikitolewa bure. Upande wa pili wa mizani ni kitambaa kilicholegea mno: nyuzi za pamba ya kujazia hupenya na kutoka nje kama ndevu, na baada ya miezi michache mgongo wa mfarishi unakuwa na manyoya. Kitambaa kinachofaa kimekaa katikati, na katikati hiyo ilikuwa karibu sana na kile ambacho viwanda vya Waltham na baadaye vya mji wa Lowell vilikifuma kwa wingi.

Kulikuwa hata na kazi ambazo kitambaa cha bei ya chini kilizifaa kuliko cha bei ya juu. Katika mifarishi myeupe ya mwanzo wa karne ya 19, yenye mashada ya zabibu na majani yaliyovimba, mshonaji alilichora umbo kwa mishono, kisha akaugeuza mfarishi upande wa nyuma, akazisukuma kando nyuzi za bitana kwa ncha ya kijiti, akapenyeza pamba kidogo kidogo mpaka jani likajaa, na mwishowe akazirudisha nyuzi mahali pake. Kitambaa cha nyuzi zilizosongamana kingelazimu kukatwa. Anayesema bitana nyembamba ya mfarishi kama huo ni dalili ya ubahili hajafikiria jinsi pamba ilivyoingia. Nao ukaguzi wa dukani ulikuwa wa mikono na macho: kukikunja kitambaa na kukisugua ili kuona kama unga wa kanji utadondoka, kukiinua kwenye mwanga ili kuona kama nyuzi zimesambaa sawasawa, kuuvuta uzi mmoja wa ukingoni ili kupima nguvu zake. Kitambaa kisichong'arishwa hurudi kikifuliwa, kwa hiyo mwenye uzoefu alikiloweka kabla ya kukikata, au alinunua robo yadi ya ziada. Aliyeshona bila kuloweka alipata mgongo uliokunjamana kuliko uso.

Kitambaa hicho cha Massachusetts kilivuka bahari na kufika Unguja, ambako kiliitwa merikani. Meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilianza kuja katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 Edmund Roberts, kwa niaba ya Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawasili Unguja kama balozi mdogo. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, kati ya meli 41 za kigeni zilizotia nanga Unguja, 32 zilikuwa za Marekani. Kutoka bandarini merikani iliingia bara kwa mabega ya wapagazi, ikihesabiwa kwa mikono, kwa shuka, kwa doti ya yadi 4 na kwa jora la yadi 30 hivi, na njiani ilifanya kazi ya fedha. Msafiri Stanley alipojiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871 aliambiwa kwamba doti 10 kwa siku zingetosha kuwanunulia chakula watu 100. Hakuna aliyeishonea mifarishi. Watu walijifunga, walikatia kanzu, walilipia pembe za ndovu na sandarusi, na walinunulia binadamu wenzao.

Kwa nini basi niilete katika habari ya bitana? Kwa sababu Unguja inatupa jaribio ambalo Marekani haikuweza kutupa. Huko Marekani ushuru wa mwaka 1816 ulimlinda mfumaji dhidi ya mshindani wake. Unguja, kwa mkataba wa 1833, Mmarekani alilipa asilimia 5 na hakuwa na ukuta wa kujificha nyuma yake. Kitambaa cha India kilikuwa kimelizoea soko hilo tangu zamani, na cha Uingereza kikaja kwa nguvu. Bado merikani ilishinda, ikatawala kwa miongo kadhaa. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiga, na kuiga kwao kulishindwa kwa mnunuzi wa mwisho. Kasoro moja iliyolalamikiwa sana katika vitambaa vya Uingereza vya karne ile ni wingi wa kanji na udongo mweupe uliotiwa ili kuvipa uzito. Kitambaa kilionekana kizito kikiwa kwenye jora, kikafuliwa mara moja, kikabaki wavu. Mwanahistoria Abdul Sheriff ameonyesha jinsi merikani ilivyoshika biashara ya Unguja, na mwenzake Jeremy Prestholdt amekwenda mbali zaidi, akidai kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yaliathiri viwanda vya Salem na baadaye vya Bombay. Kiwanda cha Naumkeag cha Salem kilichoanza kufuma mwaka 1847 kilikuwa na soko la Unguja miongoni mwa masoko yake. Mtu wa Unyanyembe, huko bara, aliyeipapasa doti na kuikataa alikuwa akisema neno ambalo, baada ya miezi mingi ya bahari, lilimfikia mwenye kiwanda.

Atakuja mwingine aseme kwamba merikani ilishinda kwa bei tu, kwa vile Wamarekani walikuwa na pamba mbichi karibu na nyumbani. Ni kweli walikuwa nayo, na ni kweli iliwasaidia. Lakini tazama ilivyowasaidia: iliwawezesha kutia pamba nyingi zaidi ndani ya kila yadi kwa fedha ileile. Mnunuzi wa pwani hakutafuta yadi ya bei ya chini kabisa, kwa maana vitambaa vyepesi vilikuwepo. Alitafuta kitambaa ambacho kingestahimili kufuliwa kwa muda mrefu kwa kila senti aliyolipa. Mama wa Ohio aliyesugua kitambaa kati ya viganja vyake kutafuta kanji alikuwa akiuliza swali hilohilo. Watu wawili ambao hawakujuana, katika mabara mawili, walikipima kitambaa kimoja kwa kipimo kimoja na wakakubaliana. Ndiyo maana nasema kwamba ushuru ulisaidia kukiingiza kitambaa hicho katika nyumba za Wamarekani, lakini haukukipa ubora kilichopendewa.

Kuna pingamizi zito kuliko hayo, na halistahili kupitishwa haraka. Pamba ya Lowell ililimwa na kuchumwa na watumwa wa Georgia, Alabama na Mississippi. Ilifumwa na wasichana waliofanya kazi kwa saa nyingi mno, waliogoma mwaka 1834 walipopunguziwa mishahara na wakagoma tena mwaka 1836 gharama za mabweni zilipopandishwa. Kisha sehemu ya kitambaa hicho ilirudi Kusini kuwavika walewale walioichuma pamba yake. Watu waliozaliwa utumwani, walipohojiwa uzeeni katika miaka ya 1930, bado walilitaja vazi hilo gumu kwa jina la lowell. Upande wetu, merikani ililipia watumwa na iliwavika watumwa. Basi huo unafuu ninaousifia mnunuzi kwa kuujua uligharamiwa na nani? Uligharamiwa na hao. Bei iliyoshuka kutoka senti 30 hadi senti 6 na nusu ilishuka kwa sababu ya mashine, kwa sababu ya mashamba mapya ya pamba, na kwa sababu mchumaji hakulipwa kitu.

Wengine wanatumia ukweli huo kusema kwamba kuandika juu ya ujuzi wa mnunuzi ni kuufunika. Mimi naona kinyume. Ukiutaja ujuzi wake ndipo unapoweza kumuuliza kuhusu mipaka yake. Walikuwepo wanunuzi waliojiuliza. Waquaker na wenzao waliendesha maduka ya bidhaa zisizoguswa na utumwa, na Levi Coffin alifungua moja huko Cincinnati mwaka 1847. Bidhaa hizo ziligharimu zaidi, pamba yake ilikuwa adimu, na wateja hawakuwa wengi. Katika maonyesho ya kupinga utumwa yaliyofanyika Boston mwaka 1836 uliuzwa mfarishi mdogo wa susu wenye nyota, ulioandikwa katikati maneno ya kumkumbusha mama mzungu juu ya mama mtumwa anayenyang'anywa mtoto. Nauheshimu mfarishi ule. Ila pamba iliyouzwa Boston mwaka huo kwa sehemu kubwa ilitoka mikononi mwa akina mama haohao. Mnunuzi aliyeweza kuitambua kanji kwa ncha za vidole hakukosa namna ya kujua pamba ilikotoka. Wengi walijua, wakalipa bei ya chini.

Na watumwa wenyewe hawakuwa tu waliovikwa. Walishona, wa nyumba kubwa na wa kwao. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona baada ya ukombozi mifarishi miwili ya visa vya Biblia na vya angani ambayo leo inahifadhiwa katika makumbusho makubwa, mmoja Washington na mwingine Boston. Ule wa kwanza aliuuza mwaka 1891 kwa dola 5, ingawa alitaka 10, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na shida. Weka dola hizo 5 karibu na bei za Appleton, uone kazi ya mikono ya mtu kama yeye ilivyothaminiwa kando ya kitambaa alichokishona.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikata mkondo huu pande zote mbili. Bandari za Kusini zilifungwa na manowari za Kaskazini, kitambaa cha dukani kikapanda bei, na magurudumu ya kusokotea yaliyokuwa darini yakashushwa. Unguja merikani iliadimika, na wafanyabiashara wakajaza pengo kwa vitambaa vya Uingereza na India. Vita vilipokwisha Wamarekani walirudi, lakini viwanda vya Bombay, vilivyoanza katika miaka ya 1850, vilikuwa vimejifunza soko linataka nini, na kufikia miaka ya 1880 biashara ilikuwa mikononi mwao. Walishinda kwa kufuma kitambaa kizito kisichong'arishwa ambacho mnunuzi alikikubali alipokipapasa. Waingereza walitangulia kujaribu, wakatia udongo.

Mpinzani wangu wa mwisho anatoka karne ya 20, na ndiye ninayempenda zaidi kwa sababu ana picha mkononi. Atasema: bitana nyingi za maskini hazikununuliwa kabisa, zilitokana na mifuko ya unga, ya sukari, ya mbolea na ya chakula cha kuku. Ni kweli zilitokana nayo. Cherehani ya kiwandani ya katikati ya karne ya 19 iliwezesha kushona mfuko imara wa pamba, na mfuko ukachukua nafasi ya pipa. Mfuko wa ratili 100, ukifumuliwa, ulitoa kitambaa cha zaidi kidogo ya yadi moja ya mraba. Mifuko sita iliunganishwa, bitana ikapatikana. Uzi wake wa mnyororo ulivutwa kwa mpigo mmoja ukatoka wote, ukaviringishwa na kutumika tena. Kazi ngumu ilikuwa kuondoa chapa. Wino ulipakwa mafuta ya nguruwe au mafuta ya taa usiku kucha, ukafuliwa kwa sabuni ya magadi na kuchemshwa, na mara nyingi haukutoka wote. Katika mifarishi mingi ya miaka ya 1930 ukiugeuza mgongo utakuta kivuli cha jogoo, au nusu ya jina la kinu, au uzito wa unga kwa tarakimu. Wengine waliukatia tamaa wino wakatia mfuko wote rangi ya kahawia kwa maganda ya jozi.

Lakini mfuko haukuwa bure. Ulilipiwa ndani ya bei ya unga, na muuzaji wa unga alilijua hilo kabla ya wanahistoria. Katika miaka ya 1920 viwanda vilianza kuuza bidhaa zao katika mifuko ya kitambaa chenye mistari na miraba, kisha maua, kwa sababu waliona nani anaamua mfuko upi utoke ghalani. Wino wenye kutoka kwa maji ukatafutwa, na baadaye chapa ikahamishiwa kwenye karatasi iliyobandikwa. Mume alitumwa dukani na kipande cha sampuli mfukoni, na wauza chakula cha mifugo walipangua marundo kutafuta mfuko wa chini kabisa unaolingana na mitatu iliyokwisha kupatikana nyumbani. Huko ni kununua kitambaa, ila na kuku wakala. Katika miaka ya vita, pamba ya kawaida ilipobanwa, mfuko ulibaki, kwa kuwa ulihesabiwa kama kifungashio. Karatasi na plastiki ndizo zilizoumaliza mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kijiji cha Gee's Bend, kwenye kona ya Mto Alabama, kinaonyesha jambo hilo likiwa katika hali yake kali kuliko zote. Nyuso za mifarishi ya huko, zilizoungwa kwa suruali za kazi zilizochakaa, zilionyeshwa Houston na kisha New York mwaka 2002 na zikasifiwa kama sanaa kubwa ya karne. Migongo yake mingi ni mifuko. Pale bitana ilipokuwa pana ya kutosha, ukingo wake ulikunjwa kuelekea mbele na kushonewa juu ya uso ukawa upindo, hivyo hapakuhitajika kununua kitambaa kingine cha kuzungushia. Mstari huo mwembamba unaouzunguka mfarishi, ambao mtazamaji wa makumbusho huudhania kuwa fremu iliyochaguliwa kwa rangi, ni bitana imechungulia. Sioni kwamba hilo linapunguza usanii wao. Linaonyesha kwamba mshonaji alipokuwa akiichagua bitana tayari alikuwa akiufikiria uso.

Leo kitambaa cha kushonea mifarishi huuzwa kwa upana wa inchi 42 hadi 44, na kipo kinachofumwa mahsusi kwa bitana chenye inchi 108, ambacho hakihitaji mshono kabisa. Mashine ndefu za kushonea nazo zimeondoa sehemu ya tatizo la sindano, na kwa mashine hata shuka ya kitanda iliyonunuliwa kwa punguzo huweza kufaa, ilimradi iwe pamba tupu na isichuje. Swali limebaki lilelile, yadi ngapi kwa fedha gani na itafuliwa mara ngapi, ingawa majibu yamekuwa mepesi.

Kilichonisukuma kuandika ni kumbukumbu. Tangu mradi wa Kentucky ulioanza mwaka 1981, majimbo mengi ya Marekani yamewaalika watu kuleta mifarishi ya familia zao, ikapigwa picha na kujaziwa fomu, na kazi hiyo imeokoa habari ambazo zingepotea kabisa. Hata hivyo katika kumbukumbu nyingi na katika orodha za makumbusho, uso hupewa aya nzima na bitana hupewa maneno mawili, pamba nyeupe. Kuna mambo manne ninayotaka yaandikwe kila mara: upana wa kitambaa kutoka ukingo hadi ukingo, idadi ya nyuzi kwa inchi pande zote mbili, mishono mingapi inaiunganisha na iko wapi, na chapa yoyote iliyobaki hata ikiwa herufi mbili. Kwa upana mtu anakisia mtambo uliofuma, kwa nyuzi anajua daraja lililolipiwa, kwa mishono anajua kama kitambaa kilikatwa kutoka jora moja au kiliokotwa kwa awamu. Yote hayo yanapatikana kwa rula na lenzi ya mkono, kwa dakika chache, mfarishi ukiwa umegeuzwa juu ya meza.